Mululusia Katika Sufuria ya Wagonjwa

Nyinyi wa jikoni mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau. Kusahau bado. Kinachonisumbua ni kalamu. Shule nilifika darasa la pili, kisha nikaolewa, na mkono huu umeshika mwiko kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo maandishi haya yatakuwa kama ugali wa mtu mwenye haraka. Mkikuta donge, mezeni.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Mpishi hapandi popote, anabadilisha sufuria tu. Nitawaeleza habari ya jani chungu, kwa sababu kila nilipowafokea juu ya jani hilo mlinuna, na mmoja wenu, simtaji, alisema nyuma ya mlango kwamba nalilinda kama ni dhahabu. Nilimsikia. Masikio yangu hayajastaafu.

Nilianza kazi mapema katika miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa reli, akigeuza njia za treni pale Nakuru, na tuliishi landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli: chumba kimoja, watoto watatu, na kuku mmoja aliyejiona mpangaji. Hospitali ilikuwa ndogo, upande wa kuelekea ziwani, ya wafanyakazi wa reli na wa mashamba na jamaa zao. Wadi ya wanaume, wadi ya wanawake, na jiko la mabati lililojengwa na mtu ambaye hakupika hata siku moja maishani mwake, maana moshi ulikuwa na mlango wake na sisi tulikuwa na mlango wetu, na ulikuwa mlango uleule. Wagonjwa waliletwa kutoka Molo na vifua vya baridi, wakaletwa kutoka Subukia na homa, na wengine walitoka hapohapo mjini na vidole vilivyobanwa na mabehewa. Kiangazi kikikaza, vumbi jeupe la ziwani liliingia kila mahali, hata ndani ya chumvi.

Mkuu wa jiko alikuwa Mzee Zakaria, Mnyore, aliyepikia jeshi huko Burma na akarudi akiamini kwamba kila mgonjwa ni askari anayejifanya anaumwa. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Unajua kupika?"

"Mzee, nina watoto watatu."

"Sikuuliza umezaa wangapi. Nimeuliza unajua kupika."

Akanipa kazi ya kumpikia uji mtu mmoja aliyekuwa na siku nne bila kula. Mimi kwa kutaka sifa nikaupika mzito, nikatia sukari, nikatia siagi. Mzee akadondoshea tone moja mgongoni mwa mkono wake, akalamba, akasema, "Huu ni wa harusi. Mtu huyu ana tumbo la mtoto mchanga. Rudia." Nikarudia. "Rudia." Mara ya tatu hakusema kitu, akauchukua akaenda nao wadini. Hapo nikajua nimeandikwa kazi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kichaka kimoja chenye majani ya kijani kibichi, kirefu kumzidi mtu. Mzee alikuwa amekileta kutoka kwao kikiwa kijiti tu, kimefungwa kwa gunia lililoloweshwa, akakipakata ndani ya treni daraja la tatu kama mtoto. Ni mululusia. Wajaluo wanauita olusia. Ukitafuna jani moja bichi, ulimi unakuomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Sasa sikilizeni vizuri. Wagonjwa wetu walikula posho na maharagwe, maharagwe na posho. Mtu akishalala kitandani wiki mbili, tumbo linafunga, ulimi unakuwa kama ngozi ya kiatu, na hata umpe nyama anageukia ukutani. Mzee Zakaria aliwatilia mululusia kidogo ndani ya mboga, wale tu waliokuwa wanapata nafuu. Alinifundisha hivi. Unachuma majani machanga ya juu, siyo yale makubwa ya chini. Majani matatu kwa mtu mmoja, basi. Unayakatakata, unatia chumvi, unayasugua na kuyakamua ndani ya karai mpaka povu la kijani litoke. Unamwaga. Unatia maji mengine, unakamua, unamwaga. Mara tatu. Kisha unachemsha, na hayo pia unamwaga, ndipo unachanganya na kunde au managu na maziwa kidogo. Ikiiva, uchungu uwe wa kuukumbusha ulimi kazi yake, siyo wa kuufukuza.

"Nimwage wapi, Mzee?"

"Shimoni."

"Si ningemwagia vitunguu pale?"

"Nimesema shimoni, mama."

Alikuwa mtu wa amri. Burma hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mgonjwa aliyekuwa hajawahi kulila alipewa siku moja, halafu tunamwangalia siku mbili. Akiharisha, akishikwa na kizunguzungu au jasho la baridi, tunaacha. Akiwa sawa, anaendelea kidogo kidogo, na akishazoea anakula na mboga yake ya kila siku wiki mbili tatu, kisha anapumzika. Kwanza anaulizwa amekunywa dawa gani nyumbani, maana watu walifika wakiwa wamekunywa mizizi ya kila kilima. Mwenye mimba hapewi kabisa. Anayenyonyesha hapewi. Mtoto mdogo hapewi. Mgonjwa wa sukari naye hapewi, na sababu nilielezwa na daktari baadaye: jani hili linashusha sukari, na sindano inashusha sukari, na mtu mmoja hashushwi ngazi na watu wawili kwa pamoja, ataanguka.

Kulikuwa na nyapara mmoja wa shamba la pareto huko Molo, jitu zima, aliyelazwa na nimonia. Alipopona, akakataa chakula. Alisema kila kitu kina ladha ya bati. Mzee akaniambia, "Huyu ni wako." Nikampa kunde zenye mululusia kidogo, vijiko vitatu tu. Alipotia mdomoni, macho yakamtoka.

"Mama, unataka kuniua?"

"Nikitaka kukuua sitatumia kunde, ni ghali. Meza."

Akameza. Siku ya nne akaniita kwa sauti iliyosikika mpaka langoni, "Mama Ezra! Leo ile takataka yako iko wapi?" Aliporudi Molo aliniletea gunia la viazi, na watu wa kwao walipougua walifika wakiuliza yuko wapi yule mama wa mboga chungu.

Na hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Nasema kweli. Mimi mwanamke wa darasa la pili, manyapara wananiuliza kwa jina. Nikaanza kuona taratibu za Mzee kama mambo ya uzee. Mara tatu kukamua, kwa nini, wakati mara mbili inatosha? Shimoni, kwa nini?

Mwaka mmoja, Januari, Mzee Zakaria akaenda likizo kwao mwezi mzima, akaniachia jiko. Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Bomba lilitoa maji asubuhi kwa muda mfupi, likakohoa, likanyamaza mpaka kesho yake. Nikawa naona uchungu kumwaga maji yoyote. Kwa hiyo yale ya kukamulia mululusia, hata yale ya kwanza mazito, nikawa nayakusanya ndani ya debe nyuma ya mlango ili nipigie deki jikoni. Nilijiona mwerevu. Sakafu iling'aa, na mende walihama.

Wakati huo wadi ya wanawake ilikuwa na Selina, mke wa kijana mmoja wa reli aliyeitwa Japheti, mtia makaa kwenye injini. Selina alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba tatu za kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, na kila mara ilianza na homa. Sista, yule Mzungu wetu tuliyemwita Sista Saa kwa sababu ya saa aliyoibandika kifuani, alimlaza kitandani apumzike mpaka siku yake ifike. Selina alikuwa mtu wa aibu, mwembamba, akicheka kwa kuficha mdomo. Ukimwuliza anaendeleaje, anasema "vizuri" hata kama anaungua. Mama yake Japheti alikuwa amesafiri kutoka Butere kuja kumtunza, na kila siku alikuja kwa miguu kutoka landi na kikapu chake, akakaa kando ya kitanda kama askari wa zamu.

Siku moja asubuhi Mama Japheti akaja mlangoni mwa jiko. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mwenye leso mbili zilizopauka lakini zilizopigwa pasi.

"Mulembe, mwanangu."

"Mulembe, mama. Karibu kwenye moshi."

Akatazama debe langu, akainama, akanusa. "Haya si ya mululusia?"

"Ndiyo, mama. Napigia deki."

"Deki!" Akashangaa kama nimesema napigia deki kwa maziwa. "Kwetu haya ndiyo dawa ya homa. Nigaie kidogo, mwanangu." Akatoa chupa ya soda ndani ya kikapu.

Ningemwuliza, "Ni ya nani, mama?" Maneno manne. Sikuuliza. Kwetu humhoji mtu wa rika la mama yako dawa anayoomba ni ya nani, ni kama kumpekua nguo. Na mimba ndiyo kabisa haisemwi mdomoni, hasa ya mtu aliyepoteza tatu. Kuitaja ni kama kuiita itoke nje kabla ya wakati. Sote tulijua Selina ana nini tumboni, na sote tulisema "yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani". Lakini pia nitawaambia lingine, maana nimesema nitaandika kweli. Nilifurahi kuombwa. Mama mzima kutoka Butere, mwenye dawa zake za kwao, anakuja kuniomba mimi. Nikaijaza chupa mpaka shingoni.

Kesho yake, saa nane mchana, nilikuwa nagawa uji. Nilipofika kitanda cha dirishani nikamkuta Selina amejikunja, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Sista alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono mmoja juu ya tumbo, macho kwenye saa. Mama Japheti alisimama dirishani, ameuma pindo la leso.

"Selina, wewe nakula nini leo?" Sista akauliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kusukuma kwa bega, lakini kilifika.

"Ugali na maharagwe, Sista."

"Na nakunywa nini?"

"Chai."

"Ingine?"

"Hakuna."

Nikainama kuweka kikombe cha uji, ndipo nikaona chini ya kitanda kikombe kingine cha bati. Ndani kulikuwa na mstari wa kijani. Na pembeni mwa midomo ya yule binti kulikuwa na rangi ileile. Harufu sikuhitaji kuitafuta. Ilikuwa inatoka kwenye mikono yangu mwenyewe kila siku.

Selina aliniona nikitazama. Akafumba macho. Nikaelewa yote kwa mara moja. Mkwe hakatai kikombe cha mama mkwe wake, na akishakunywa hawezi kumtaja mbele ya Mzungu, hata tumbo likimpasuka. Na yule mama dirishani, nikimtazama, hakuwa mtu mbaya aliyekamatwa. Alikuwa mtu aliyeogopa homa ya nne, akaiziba njia kwa kitu alichokijua, na sasa alikuwa anaona alichokifanya.

Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Sista atahangaika na homa, na maji mabaya, na maharagwe. Nikisema, jiko limekwenda, kichaka cha Mzee kimekwenda, na pengine landi watasikia kwamba mke wa fulani ameua mtoto wa Japheti. Nilisimama na karai la uji mkononi, na Selina akaguna, sauti ndogo, kama mtu anayeomba msamaha kwa kuumwa.

"Sista," nikasema, "amekunywa maji ya dawa. Yametoka jikoni kwangu."

Sista akageuka. "Nini? Dawa gani?"

"Majani machungu, yale ninayotia kwenye mboga. Maji ya kwanza ya kukamulia. Makali. Yanaweza kuamsha tumbo."

"Ngapi?"

"Nilitoa chupa moja. Sijui amekunywa kiasi gani." Nikapiga magoti mimi pia. "Selina, mwanangu, niambie."

Akamtazama mama mkwe.

"Sikuulizi nani alikupa. Nakuuliza kiasi gani."

"Nusu," akanong'ona. "Kidogo asubuhi. Na sasa hivi baada ya chakula."

"Iliyobaki iko wapi?"

Mama Japheti akatoa chupa kikapuni, akampa Sista. Ilikuwa nusu kweli. Sista aliinusa, uso ukamkunjamana, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mzungu yule akikimbia. Alirudi na sindano. Akaagiza matofali, tukainua miguu ya kitanda upande wa chini ili kichwa kiwe bondeni. Akasema asimeze kitu tena, hata maji. Akampigia daktari simu mjini. Kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe, nje. Ngoja mimi huko."

Nikatoka. Mama Japheti akatoka pia. Tukakaa kwenye ngazi za veranda, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, na jua likituchoma sawasawa.

"Umeniuza," akasema mwishoni.

"Mama, nimejiuza mimi. Wewe hata jina lako sikulitaja."

"Nilitaka homa isimkute."

"Najua, mama."

"Hujui. Ile ya kwanza ilikuwa na nywele. Mimi ndiye niliyemwosha."

Nikavuta leso yangu nikamwekea begani kwa sababu ya jua, naye hakuiondoa.

Daktari alikuja, akapita katikati yetu bila kusalimu, na nadhani hiyo ndiyo salamu bora ya daktari mwenye haraka. Mlango ukafungwa. Sista alitoka mara moja akitaka taulo, tukasimama wote wawili kama watoto wa shule. Akasema tu, "Bado," akarudi ndani. Ilipofika saa kumi na moja akatoka tena, kofia imekaa upande. Akasema maumivu yalikuwa yanakuja kila dakika chache, sasa yameachana, na mtoto anasikika. "Anasikika," alirudia, akijigonga kifuani kwa vidole viwili, tu-tu, tu-tu, ili tuelewe. Mama Japheti akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Hapo ndipo Japheti akafika. Mtu wa landi alikuwa amempelekea habari, na mnajua landi, habari ilifika imeota mikia. Alikuja na nguo za kazi, uso mweusi kwa makaa, macho mekundu ndani yake.

"Nani amempa mke wangu sumu?"

"Mke wako yuko hai," nikamwambia, "na mtoto yuko hai. Punguza sauti, wamelala."

"Nimeuliza nani!"

"Mimi ndiye niliyetoa. Ni maji ya dawa, ya jikoni kwangu."

Akanisogelea. Sikurudi nyuma, lakini msifikiri ni ushujaa. Miguu ilikataa. "Ulimpa mama yangu, au ulimpa mke wangu?"

Mama yake alikuwa bado chini, hakuinua kichwa. Nikatafuta jibu ambalo si uongo na ambalo halitamkanyaga yule mama.

"Nilimpa mtu ambaye sikumwuliza swali," nikasema. "Ningeuliza, nisingempa."

Japheti akasimama hapo akihema. Ndipo Mama Japheti akasema kutoka chini, wazi kabisa, "Aliyemnywesha ni mimi. Niliomba, akanipa. Selina hakutaka. Nilimwambia anywe."

Nilifikiri Japheti ataanguka. Badala yake akavua kofia, akakaa kando ya mama yake kwenye vumbi, akajifuta uso na akauchafua zaidi.

"Mama, si ungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize wewe? Mambo ya tumbo la mwanamke? Wewe unayetia makaa?"

Hakuna aliyecheka. Lakini mabega ya Japheti yalitikisika kidogo, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au vipi. Akamshika mama yake mkono, akaingia naye ndani kumwona Selina.

Mimi Sista alinitoa jikoni wiki mbili. Nikapiga deki wadi zote mbili, kwa maji ya kawaida. Msalani pia. Siku ya kwanza ya adhabu aliniita nimwonyeshe kichaka. Akachuma jani, akatafuna kabla sijamzuia, akalitema karibu na kiatu chake. "Hii watu nakula?" "Ikioshwa, Sista." Akanifanya nimwonyeshe hatua zote, mwanzo mpaka mwisho, akaandika. Nilingoja aagize kikatwe. Hakuagiza. Alisema kitu hakina makosa, makosa ni ya anayekitoa bila kujua kinakwenda kwa nani. Alisema kwa Kiswahili chake kibaya kuliko hivyo, lakini ndivyo nilivyokipokea.

Kadi za vitandani zilikuwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu kilikuwa "yes" na "Sunday". Kwa hiyo tukapatana: kitanda cha mtu asiyetakiwa kupewa chungu kifungwe uzi mwekundu kwenye chuma cha miguuni. Mwenye mimba, uzi. Anayenyonyesha, uzi. Mgonjwa wa sukari, uzi. Aliyekunywa mizizi ya kwao, uzi mpaka mizizi iishe mwilini. Uzi huo mmeukuta, na wengine wenu mlifikiri ni pambo.

Mzee Zakaria aliporudi likizo nilimweleza yote kabla hajaweka mzigo chini. Nilitaka anikemee, ingekuwa rahisi. Akakaa juu ya kuni.

"Nilikuambia shimoni," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Sikukuambia kwa nini."

"Hukusema."

"Basi tuko wawili," akasema, akainuka akaenda kutazama kichaka chake. Tangu siku hiyo kila alichoniamuru alinipa na sababu yake, na wakati mwingine sababu ilikuwa ndefu mpaka mboga zikaungua. Ndiyo maana nami nawachosha kwa sababu. Maji ya kwanza yana nguvu yote ya jani. Mboga iliyooshwa ni chakula, maji yale si chakula, na yakikaa ndani ya chombo atatokea mtu wa kuyaomba. Myamwage shimoni hata kama bomba limekauka mwezi mzima. Mkitaka kupigia deki, kuna mchanga na majivu.

Selina alibaki kitandani, kichwa bondeni, wiki baada ya wiki. Mama yake Japheti alikuja kila siku kama kawaida, lakini jikoni hakukanyaga tena. Tulisalimiana kwa mbali, mulembe, mulembe, kila mmoja akiangalia kikapu cha mwenzake. Nilimpikia Selina kwa mkono wangu mwenyewe baada ya adhabu kwisha, nikapeleka, nikarudisha sahani ikiwa tupu. Yule mama alikuwa akigeuzageuza chakula kwa kijiko kabla hajamruhusu ale. Nilimwona. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningegeuza mara mbili.

Mvua za kwanza zilipopiga mabati ndipo wakati ulipofika. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nachambua maharagwe, nikaona kivuli mlangoni. Mama Japheti, amelowa mpaka magotini, amesimama nje kwenye mvua kana kwamba jiko lina kizingiti kirefu.

"Ni msichana," akasema.

"Mzima?"

"Mdogo. Lakini ana sauti ya kurudisha treni stesheni."

"Na Selina?"

"Anataka chakula. Anasema ana njaa ya mtu aliyelima." Akatazama sufuria zangu moja moja. "Utampa nini?"

"Kunde na maziwa, na ugali laini. Uzi wake sijaufungua, na sitaufungua mpaka amwachishe mtoto ziwa."

Akaingia ndani. Nikapakua. Nilipotaka kufunika sahani akaweka mkono juu yake.

"Onja."

"Mimi?"

"Wewe. Mbele yangu."

Nikachota kijiko, nikala. Akanitazama nikitafuna, akanitazama nikimeza, akangoja kidogo zaidi. Kisha akaninyang'anya kijiko, naye akachota, akala taratibu, macho yameelekea juu kwenye mabati.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nikaongeza chumvi. Akabeba sahani yeye, mimi nikabeba maji, tukatembea chini ya mvua mpaka wadini.